Kabali Isiyofunguka

Aliyeniingiza kwenye jiu-jitsu ya Kibrazili ni mwenzangu wa kazini. Alinihadithia habari za Royce Gracie, Mbrazili wa mchezo huo, ambaye mwaka 1993 kwenye mashindano kule Denver, Marekani, akiwa na kilo kama 80 tu, aliwashinda watu watatu usiku mmoja, na wengine walikuwa na miili kumzidi. Akasema huu ni mchezo wa mdogo kumkaba mkubwa. Mimi nina kilo 97. Nikapiga hesabu zangu kimyakimya: kama mdogo anashinda hivyo, mkubwa akijifunza itakuwaje?

Miezi miwili baadaye nilikuwa nimeshapigwa kabali na kila mwenye koo na mikono pale ukumbini. Nimekabwa na mhasibu, nimekabwa na mwanafunzi wa chuo, nimekabwa na dada mmoja wa kilo 55 ambaye hunikaba huku akiniuliza habari za nyumbani. Shida yangu pumzi. Mzunguko ni dakika 5. Dakika ya kwanza mimi simba, ya pili paka, ya tatu nimelala chali nahesabu mapangaboi.

Kocha akaniita pembeni. "Kaka, ongeza mbio na vyuma kidogo. Kidogo tu." Neno "kidogo" alilisema mara mbili na nililisikia mara zote mbili, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Alhamisi moja ya sikukuu, kazini hakuna, nikaamua kumaliza deni lote la miezi miwili kwa siku moja.

Saa kumi na mbili asubuhi niko Coco Beach. Aliyewahi kukimbia kwenye mchanga mkavu anajua: unapiga hatua, nusu yake inabaki chini. Mbele yangu kulikuwa na mzee anakimbia na ndala zake mkononi, anapiga soga na mwenzake kuhusu bei ya saruji. Nikaona kama ananitukana. Nikampita kwa kasi. Nikasimama kutafuta pumzi, akanipita, saruji bado inaendelea. Nikampita tena. Tulikwenda hivyo kilomita 6, na nina hakika yeye hakujua kama tunashindana.

Mchana nikaingia jimu ya mtaani kwetu, ile ambayo uzito mwingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Nikachuchumaa na chuma begani seti tano, kisha nikainua chuma kutoka chini mpaka viganja vikakataa kufumba. Nilipotoka ilibidi nishuke ngazi kinyumenyume, kama bibi anayeshuka kwenye lori. Nikala chipsi mayai na soda. Maji sikunywa, nilijiambia nitakunywa nikifika.

Saa moja jioni nipo ukumbini, gi, yaani vazi letu la mazoezi, imefungwa, mkanda wangu mweupe kiunoni. Kocha akanipanga na mhasibu.

Nilijaribu kumshika kola. Vidole viliigusa kola vikaiacha, kama mtu anayeuliza bei na kuondoka. Mhasibu akaniangusha, nikabaki chini yeye akiwa katikati ya miguu yangu, na hapo akakosea. Akaingiza mkono mmoja ndani, wa pili akauacha nje. Jambo hilo ndilo tulilokuwa tukifundishwa wiki nzima! Nikatupa mguu mmoja juu ya shingo yake, nikabana kifundo cha mguu huo nyuma ya goti la pili. Pembetatu, kabali ya miguu. Mara yangu ya kwanza tangu nijiunge. Mhasibu akagonga mara mbili begani mwangu, ishara ya kwamba ameshindwa, nimwachie.

Nikakubali. Mguu haukukubali.

Msuli wa nyuma ya paja ulikuwa umejikaza kama kamba ya jahazi. Na msuli ule ukikaza unalivuta goti likunjike, na goti likikunjika kabali inazidi. Mhasibu akagonga tena, sasa kwa haraka, kama anayebisha mlango wa choo. Mimi nikapiga ukelele.

"Achia, kaka, amegonga!" kocha akafoka.

"Si mimi, kocha! Mguu!"

Macho ya mhasibu yalikuwa yamemtoka kama ameona vitabu vya mwaka mzima vimekataa kulingana. Kwa uchungu na mimi nikaanza kugonga. Yeye anagonga bega langu, mimi nagonga godoro, kila mmoja amekubali kushindwa na hakuna anayemwachia mwenzake. Yule dada wa kilo 55 ndiye aliyetuokoa. Alidaka kisigino changu, akaunyoosha mguu kama anafungua mwavuli uliopata kutu. Mhasibu akavuta hewa kwa sauti ya pampu ya baiskeli, akakaa, akanitazama.

"Leo umefanya miguu?" akauliza.

Kocha hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi. Alisema siku ya kupambana kwa nguvu usiichoshe miguu na vyuma. Vyuma mara mbili kwa wiki vinatosha, siku nyingine. Na mbio nyingi ziwe za polepole, kiasi cha kuweza kuongea na mwenzako. Nikamkumbuka mzee wa saruji.

Ijumaa nikajiona nimepona. Kumbe maumivu ya namna hii huchukua muda wake kuiva, na yangu yaliiva Jumamosi, siku tuliyompeleka binamu yangu kuposa Mbagala. Tukakaribishwa kwenye jamvi. Kukaa nilikaa, nilijiachia tu kama gunia. Dua ikasomwa, watu wakainuka, mimi nikabaki, natabasamu.

Mjomba akanishika mkono anivute. Ulipobana tu ule msuli wa paja, mkono wangu wa pili ukamgonga begani mara mbili, bila hata kuniuliza. Yeye akadhani nampongeza kwa posa kukubaliwa. "Ahsante, mwanangu," akasema, akavuta kwa nguvu zaidi.

Ikabidi ninyanyuke kwa ile njia tunayofundishwa siku ya kwanza: kiganja kimoja nyuma, mguu mmoja unasukuma mbele, halafu unaurudisha chini ya mwili. Nikasimama vizuri kabisa. Ila ule mguu wa mbele ulikuwa umelipata sinia la visheti.

Baba wa binti alivitazama visheti vikibingirika mpaka vikatulia. Akamgeukia mjomba.

"Ndiye muoaji huyu?"

"Hapana, mzee. Msindikizaji."

"Alhamdulillahi," akasema, akaita mtoto alete ufagio.