Saketi ya miliampia ije kabla ya Laplace

Tanga ina kazi kwa anayesomea upimaji na udhibiti wa mitambo. Kuna viwanda vya saruji na chokaa, kuna bandari, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo lazima joto lake libaki juu ya nyuzi 50. Bila vipimo vya kuaminika hakuna wa kujua kama limebaki huko.

Ndiyo maana siafiki mtaala unaomfikisha mwanafunzi mwaka wa tatu akiwa hodari wa hesabu za Laplace (za kueleza mwenendo wa mitambo inayobadilika kwa wakati), lakini hajawahi kufunga transmita, kifaa kinachotuma kipimo kama mkondo wa umeme, kwenye saketi ya miliampia 4 hadi 20. Hesabu ni lazima, sizibezi. Ila mwaka wa kwanza uanzie mezani: pawa saplai ya volti 24, transmita ya presha, rezista ya omu 250 na maltimita. Hata transmita kuukuu iliyostaafishwa kiwandani inafaa kabisa.

Mwanafunzi aone mwenyewe kwamba, presha ikitumika kupima kina cha tangi, miliampia 4 ni tangi tupu, 12 ni nusu, 20 limejaa. Akichomoa waya, mkondo unaanguka hadi sifuri, na hapo anaelewa kwa nini kipimo kinaanzia 4: tangi tupu na waya uliokatika visifanane.

Kisha aiharibu saketi kwa makusudi. Aongeze omu 500 juu ya zile 250, kuigiza terminali (kiungio cha waya) iliyoliwa na chumvi. Huku pwani hilo ni jambo la kila siku: glandi, yaani kiziba cha mahali kebo inapoingilia, isipokazwa, hewa ya bahari inaingia ndani ya boksi na shaba inaota kutu ya kijani. Tuseme transmita yenyewe inahitaji angalau volti 12. Zinabaki volti 12 za kusukuma mkondo kwenye omu 750, yaani miliampia 16, haipandi tena. Sasa tazama ubaya wake. Tangi likiwa chini, namba zote ni sahihi, na fundi akikagua likiwa nusu ataapa kwamba kipimo ni kizima. Likifika asilimia 75 namba inasimama palepale, mafuta yanaendelea kupanda, na aliyekaa chumba cha udhibiti anadhani tangi limetulia.

Kulibaini ni kazi ndogo kwa aliyekwisha kuliona mezani: weka kontrola (kifaa kinachoamuru vali kufuatana na kipimo) kwenye hali ya mkono, lazimisha transmita itoe miliampia 20, kisha soma mkondo na volti kwenye miguu yake. Mkondo usipofika 20, fuata terminali moja baada ya nyingine.

PID, yaani hesabu ambayo kontrola huitumia kuamua amri ya vali, ije baadaye. Kanuni za Ziegler na Nichols za mwaka 1942 za kuchagua namba za PID zinafaa tangi la maabara, ambako unaweza kupandisha geini (ukali wa kontrola) hadi maji yayumbe mfululizo. Kwenye tanuri la saruji hakuna atakayekuruhusu. Tena, mara nyingi mchakato unayumba kwa sababu vali inakwama kwenye pakingi (kiziba kinachobana shina lake), si kwa sababu ya namba za PID. Rudisha kontrola kwenye hali ya mkono. Kuyumba kukikoma, ongeza amri nusu asilimia kwa nusu asilimia ukitazama shina la vali. Likikaa kimya mara nne halafu likaruka kwa mkupuo, achana na namba, kashughulikie pakingi.