Baguio: mji wa baridi ambao haujawalipa wenyewe

Ukimtajia mtu wa Manila jina la Baguio, cha kwanza atakuambia ni baridi. Halafu stroberi. Halafu atashusha pumzi na kukuambia foleni. Mji wenyewe uko kwenye safu ya milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari na kilomita 250 hivi kutoka Manila. Upande wa kusini-magharibi kuna Mlima Santo Tomas, zaidi ya mita 2,200, ambao asubuhi unauona vizuri na mchana umeshamezwa na ukungu. Kwa watu wa tambarare wanaoshinda na jasho mwaka mzima, wastani wa nyuzi 19 ni sababu tosha ya kupanda basi usiku. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa Baguio ni nyuzi 6.3, Januari 1961. Mtu wa Njombe atacheka. Wafilipino hawacheki: wanapanda huko na makoti, skafu na kofia za sufu kama watu waendao Ulaya.

Niseme mapema kwamba mji huu naupenda, yasije yanayofuata yakaonekana ni chuki. Kinachonikera ni jinsi historia yake inavyosimuliwa. Vipeperushi vya utalii vyote vinaimba wimbo mmoja: Wamarekani walifika, wakakuta malisho matupu, wakachonga barabara, wakaleta mchoraji ramani maarufu, na tarehe 1 Septemba 1909 mji ukazaliwa rasmi. Hadithi safi, ina baba mmoja na siku moja ya kuzaliwa. Mimi nasema tarehe kubwa ya mwaka huo ilikuwa Februari 23, na haikutokea Baguio. Ilitokea Washington.

Malisho yale hayakuwa matupu. Yaliitwa Kafagway, na waliokuwa wakichunga humo ni Waibaloi, moja ya makabila ya milimani ambayo watu wa nje huyaita kwa jumla Igorot. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Mateo Cariño, mfugaji mwenye ng'ombe wengi. Wahispania walitawala Ufilipino zaidi ya miaka 300 lakini milima hii haikuwahi kuwakaa mkononi sawasawa. Wamarekani walipoichukua nchi kutoka kwa Hispania mwaka 1898, walikuja na ari ya kupima, kuandika na kuwekea kila kitu mpaka. Walitaka mahali pa askari na maofisa wao kukimbia joto na kupumzika, kama Waingereza walivyofanya Simla na Wajerumani Lushoto. Mwaka 1903 eneo kubwa likatengwa kwa ajili ya kambi ya jeshi, ile iliyokuja kuitwa Camp John Hay. Ndani yake zikaingia hekta 146 za Cariño.

Cariño hakwenda msituni na mkuki, alikwenda mahakamani. Ushahidi wake ndio unaonivutia kila ninaposoma kesi hii. Hakuwa na hati ya maana ya Kihispania. Alichokuwa nacho ni uzio. Babu yake aliishi pale na akajenga uzio wa kuzuia ng'ombe; baba yake akalima sehemu na kuchunga sehemu; yeye akarithi kwa mila za Kiigorot, na majirani wote walijua ni mali ya nani. Serikali ikajibu kwamba ardhi yote ilikuwa ya mfalme wa Hispania, na asiyeiandikisha kwa sheria za Kihispania basi hana kitu. Yaani mtu ambaye mfalme hakuwahi kumfikia anaambiwa amepokonywa kwa kosa la kutokwenda kwa mfalme.

Alishindwa huku, akashindwa kule, mpaka kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Hukumu ikaandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, na maana yake ni hii: kama kumbukumbu za watu zinarudi nyuma kadiri ziwezavyo na bado zinaikuta ardhi mikononi mwa mtu anayeihesabu kuwa yake, basi ichukuliwe kwamba ilikuwa hivyo tangu kabla ya Wahispania kuja, na haikuwahi kuwa ardhi ya serikali. Februari 23, mwaka 1909! Wakati ambapo dola za Ulaya zilikuwa zikigawana mashamba ya watu dunia nzima bila hata kuwauliza majina, mfugaji wa milimani alishinda kwa uzio wa babu yake. Wanasheria wa ardhi za wenyeji wanaitaja kesi hiyo mpaka leo.

Ila Mateo Cariño hakuisikia hukumu. Alifariki mwaka mmoja kabla. Na ardhi haikurudi kwa familia. Kambi ilibaki kambi mpaka Wamarekani walipoikabidhi kwa serikali ya Ufilipino mwaka 1991, na leo ukienda unakuta uwanja wa gofu, hoteli na misonobari mizuri ya kupigia picha.

Kwa hiyo Septemba 1909, mji unapopewa hadhi yake, hukumu ya kwamba sehemu ya ardhi ile ina mwenyewe ilikuwa na miezi sita na siku chache tu. Hili halimo kwenye vipeperushi.

Barabara nayo ina yake. Kennon Road, iliyopita ndani ya korongo la mto Bued, ilifunguliwa mwaka 1905 baada ya gharama kupanda mno na vibarua wengi kufa kwa magonjwa, baruti na mawe. Walikuwa Wafilipino, Wajapani, Wachina na wengineo. Baadhi ya Wajapani walibaki wakawa mafundi seremala na wakulima wa mboga, wakaoa humo humo. Ndiyo maana vita ilipokuja ilikuwa na uchungu wa aina yake: ndege za Japani ziliipiga Camp John Hay tarehe 8 Desemba 1941, na ni katika kambi hiyo hiyo Jenerali Yamashita, kamanda wa majeshi ya Japani nchini humo, alikuja kutia sahihi kusalimu amri Septemba 3, 1945. Kennon Road yenyewe mpaka leo mvua ikizidi inafungwa, na mvua ya huko si ya kuchezea. Julai 1911 ilinyesha milimita 1,168 kwa saa 24. Sehemu nyingi za Dodoma hazipati kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Mchoraji ramani alikuwa Daniel Burnham, mtu wa Chicago. Alikaa Ufilipino wiki chache, milimani siku chache tu, akachora mji wa bustani, ziwa dogo katikati, ofisi za serikali upande mmoja na biashara upande wa pili. Alikuwa akiwaza watu 25,000, wakizidi sana 30,000. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 366,358, ndani ya kilomita za mraba zisizofika 58, na nyingi kati ya hizo ni miteremko ambayo mbuzi mwenyewe angefikiri mara mbili. Hapo hujawahesabu wageni.

Nyumba zimepanda juu ya nyumba. Ukiwa upande wa La Trinidad, bonde jirani lenye mashamba ya stroberi, unaona mlima mzima wa nyumba zilizopakwa rangi kali mwaka 2016 hadi zote kwa pamoja zikawa mchoro mmoja mkubwa. Watalii wanashuka kwenye gari, wanapiga picha kutoka ng'ambo ya barabara, wanaondoka. Inapendeza, sikatai. Lakini rangi haizuii udongo kuteleza.

Na udongo huku unateleza kweli. Tarehe 16 Julai 1990, saa kumi na nusu hivi jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliangusha hoteli, shule na majengo ya biashara. Barabara zote za kuingia zilikatika, mji ukabaki kisiwa angani kwa siku kadhaa. Watu walilala kwenye mahema ndani ya Burnham Park. Bustani aliyoichora yule bwana kwa ajili ya matembezi ya jioni ndiyo iliyowapa watu mahali pa kukimbilia, na hapo lazima nimpe haki yake.

Baada ya tetemeko watu walitafuta namna ya kuurudishia mji uhai, na katikati ya miaka ya 1990 likazaliwa Panagbenga, tamasha la maua la kila Februari. Magari yanafunikwa maua matupu kutoka juu hadi chini, watoto wa shule wanacheza ngoma mitaani, na Session Road, ule mtaa mkuu unaopanda kutoka sokoni, haupitiki. Biashara inachangamka na hoteli zinajaa. Maji ya bomba, ambayo kwa nyumba nyingi hata siku za kawaida hutoka kwa zamu, yanakuwa haba zaidi, na maboza ya maji yanapanda vilima mchana kutwa. Januari 2024 ugonjwa wa tumbo ulikumba zaidi ya watu 3,000 mjini, na maji yakashukiwa mara moja. Nani ashangae?

Upande wa Baguio ambao Mwafrika Mashariki yeyote atauelewa bila mkalimani ni mitumba. Wao wanaiita ukay-ukay. Sheria ya mwaka 1966 inakataza kabisa kuingiza nguo za mitumba nchini Ufilipino kwa biashara. Usisome sheria hiyo ukiwa Baguio, utaonekana kituko. Saa tatu usiku barabara ya Harrison inafungwa kwa magari, taa zinawashwa, na pale palipokuwa na lami panakuwa na vibanda mfululizo: makoti ya Korea, sweta za Japani, jaketi za ngozi ambazo mwenye nazo wa kwanza huenda hayupo tena duniani. Unachukua koti, unalikung'uta, ile harufu ya robota inakupanda puani, na ghafla uko Karume au Gikomba. Muuzaji anakutazama usoni kabla hajataja bei. Ukigeuka kuondoka, bei inakufuata. Mji wa baridi umepata mitumba ya baridi, na wanafunzi wa vyuo, ambao ni wengi mno hapa, ndio wanaovaa vizuri kuliko watalii. (Chuo kikubwa kimojawapo, Saint Louis, kilianzishwa mwaka 1911 na mapadri wa shirika la Scheut, haohao wa Ubelgiji waliotapakaa Kongo.)

Turudi kwenye ardhi, maana ndiko ninakoelekea tangu mwanzo. Habari ya Waibaloi haikuishia kwa Cariño. Zama za Rais Ferdinand Marcos, aliyetawala 1965 hadi 1986, familia zao huko Tuba, chini kidogo ya mji, ziliondolewa kupisha bustani na uwanja wa gofu, na juu ya kilima ikajengwa sanamu ya kichwa chake, zege tupu, urefu wa kama mita 30, ikiwatazama wapita njia. Mwishoni mwa 2002 ililipuliwa kwa baruti.

Kabla ya mlipuko huo, mwaka 1997, Ufilipino ilipitisha sheria ya haki za watu wa asili, Sheria Namba 8371, ambayo inatambua kwamba wenyeji wana ardhi zao za mababu hata bila hati. Wazo hilo ni lilelile la uzio wa Cariño. Lakini fungua kifungu cha 78. Kinasema Baguio itaendelea kutawaliwa na katiba yake ya mji, na ardhi zilizotengwa kwa ajili ya mji zitabaki hivyo. Yaani sehemu ambako haki hiyo ilizaliwa ndiyo iliyoachwa nje ya mlango. Nimejaribu kuitafutia sababu ya kiungwana nikakosa. Naona moja tu: ardhi ya Baguio ina bei.

Siku hizi Waibaloi wana bustani yao ya urithi ndani ya Burnham Park, na Februari 23 ni Siku ya Waibaloi mjini. Wanachinja, wanapiga gongo, wanacheza tayaw, ile ngoma ya mikono iliyonyooshwa. Ni mwezi uleule wa tamasha la maua, na nadhani wageni wengi hupita pembeni wakidhani ni sehemu ya burudani waliyolipia.

Meya Benjamin Magalong, aliyekuwa jenerali wa polisi kabla ya siasa, amekuwa akizungumzia tozo kwa magari yanayoingia katikati ya mji ili kupunguza msongamano. Wafanyabiashara wengine wananuna, madereva wananuna zaidi. Mimi naiunga mkono tozo hiyo, kwa sharti moja: sehemu yake iende kwenye maji na kwenye miteremko kabla haijaenda kwenye mabango ya kukaribisha wageni. Na bunge la Manila lifute kifungu cha 78. Kukifuta hakutabomoa hoteli hata moja, kutawapa watu nafasi ya kusikilizwa tu.

Ukipata nafasi ya kwenda, usiende Februari wala Krismasi. Nenda Novemba, mvua zikipungua. Kula taho ya stroberi asubuhi, yaani tofu laini ya soya yenye sharubati, nunua kahawa ya Benguet, mkoa unaouzunguka mji, sokoni kwa wakina mama wenyewe, na Jumapili tembea Session Road kwa miguu kwa sababu magari hayaruhusiwi. Stroberi usitegemee, msimu wake unaanza Desemba hivi, na hiyo ya kwenye taho ni sharubati.