Mita 390 za Haki

Kabla ya kulipia bima ya msaada wa barabarani, nilitumia jioni 6 nikisoma masharti ya kampuni 4, kalamu nyekundu mkononi na rula mezani, kwa sababu mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Maswali ya kuuliza niliyajua. Je, bima inalifuata gari, au inamfuata mtu hata akiwa ndani ya gari la rafiki yake? Gari lisipotengenezeka palepale, litavutwa hadi gereji iliyo karibu au hadi ile niipendayo mimi? Nina ruhusa ya kuita fundi mara ngapi kwa mwaka? Na baada ya kulipa, nisubiri kwa muda gani kabla bima haijaanza kufanya kazi? (Kampuni nyingi huweka muda huo wa kusubiri, kwa kuwa wapo wajanja wanaonunua bima wakiwa tayari wamekaa kando ya barabara, boneti iko juu.)

Kipengele kimoja tu nilikikata kwa kalamu nyekundu, nacho ni msaada wa nyumbani. Asiyekilipia, fundi hamwendei ikiwa gari limeharibika ndani ya kilomita 1 kutoka anwani iliyoandikwa kwenye mkataba. Nilicheka sana. Mtu ambaye gari lake limegoma mlangoni kwake, nilimweleza mke wangu, hajakwama, amefika.

"Na ile betri?" akauliza. "Mbona asubuhi linawaka kwa kulalamika?"

Nikamjibu kwamba kulalamika ni tabia, si ugonjwa. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini kampuni zinatoza fedha za ziada kwa kipengele hicho hicho, maana betri iliyochoka hufia zaidi pale gari linapolala, na gari hulala nyumbani.

Jumamosi moja tulitoka, na kabla hatujafika mbali mke wangu akaniomba nisimame kwa rafiki yake, dakika 2 tu. Nilizima injini ili kuokoa mafuta, nikaacha redio ikitangaza mpira, feni ikipuliza na taa zikiwaka, kwani giza lilikuwa linaingia. Dakika 2 zile zilichukua saa moja na nusu. Aliporudi, nilizungusha ufunguo, na injini badala ya kunguruma ikatoa mlio mmoja mdogo wa dharau: tak-tak-tak-tak.

Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilitoa simu kwa madaha ya mtu mwenye bima, nikamweleza mhudumu mahali tulipo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, kwa upole uliozidi kiasi, kwamba nipo mita 610 kutoka nyumbani kwangu.

"Dada, kwa mfano tu," nikasema, "ningekuwa mbele zaidi?"

"Ungekuwa mbele zaidi, Bwana, fundi angekuwa njiani."

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo hadi leo mke wangu analisimulia kwa wageni. Hesabu ilikuwa nyepesi: 1,000 kutoa 610 ni 390. Nilimwomba akae kwenye usukani, nikamkabidhi breki ya mkono kama mtu anayekabidhi roho yake, nikaweka gia huru, nikaanza kulisukuma gari kuelekea mbali na nyumbani. Barabara ilipanda mlima. Kwa kuwa mimi ni dereva anayeheshimu sheria, nilikuwa nimesimamisha pembetatu ya tahadhari umbali mzuri nyuma ya gari, na kila tuliposogea hatua 20 ilibidi mke wangu avute breki, nami nirudi kuichukua, niisimamishe upya. Nadhani siku hiyo pembetatu ilisafiri kuliko gari.

Vijana wawili walitukuta pale mlima ulipokolea. "Shikamoo, mzee. Tukusaidie?" Wakashika, wakaanza kulivuta gari kurudi chini.

"Hapana, wanangu. Huku juu."

"Lakini mzee, si unakaa kule chini?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nasukuma huku."

Walitazamana, kisha wakasukuma kwa ule utiifu ambao watu humpa mgonjwa asiyetakiwa kubishiwa.

Baada ya mita 400 nilizozihesabu kwa miguu na jasho, nilipiga simu tena. Akapokea dada yuleyule. Akaniarifu kwamba umbali hupimwa kwa mstari ulionyooka, si kwa barabara, na kwamba kwa sababu ya kona ile ya juu nilikuwa nimefika mita 880. "Naona gari lako limeharibika tena, mbele kidogo," akasema. Nilimjibu ukweli mtupu, kwamba hata hapa limeharibika. Tulisukuma tena. Vijana walikuwa wamekumbuka shughuli zao.

Fundi alifika nikiwa nimelala juu ya boneti kama shati lililoanikwa. Aliunganisha waya mwekundu, chanya kwa chanya, kisha ule mweusi kwenye hasi ya betri yake, na ncha ya mwisho akaibana kwenye chuma cha injini yetu, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Gari likawaka mara moja. Akafuta mikono, akaitazama barabara tuliyopanda, akanitazama mimi.

"Mzee, mmelisukuma kutoka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na gari hili ni la gia za mkono."

"Ndiyo."

"Sasa mlipokuwa mnasukuma, hamkujaribu kuwasha swichi, kutia gia ya pili, na kuachia klachi?" Alisema polepole, kama anayempa mtu habari za msiba. Betri iliyokuwa inalia tak-tak ilikuwa bado na uhai wa kutosha kwa hilo, akaeleza, na kama tungelielekeza gari upande wa pili, mteremko ungefanya kazi yote wenyewe. Mke wangu aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kabla ya kuondoka fundi alinisisitizia nisizime injini, niendeshe kwanza nusu saa au zaidi ili alteneta iirudishie betri nguvu, kisha nitafute betri mpya. Nilimshukuru, nikashuka mlima nikiwa napanga kichwani barua kali kwa kampuni kuhusu kona na mistari iliyonyooka, nikafika mlangoni kwetu, nikaegesha vizuri, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka yote, ukazima ufunguo.

Kimya.

Nikauzungusha tena. Tak-tak-tak-tak.

Nyumba yetu ipo chini kabisa ya mlima, na barabara ya kutokea ni ileile. Mke wangu hakusema neno. Alishuka, akazunguka mbele, akaningoja nitoke, akakaa kwenye usukani, akarekebisha kioo, akatia gia ya pili, kisha akaniuliza kama pembetatu nitaibeba mwenyewe.