Ukucha wa shetani, mgongo wangu na suala la kipimo

Wiki tatu nzima mgongo ulinikalia vibaya. Kazi yangu hapa Hamburg ni kupakua makontena ghalani, kwa hiyo kuinama ndo mshahara wenyewe, na ilifika mahali hata kufunga kamba za viatu naomba msaada. Diklofenaki nilishameza mpaka tumbo likaanza kulalamika, basi nikaenda famasi ya jirani kuulizia kitu kingine, dada wa pale akanitolea boksi limeandikwa Teufelskralle. Ukucha wa shetani! Nikajua ananitania.

Kumbe mzizi. Tena wa Afrika, mmea wenyewe unaitwa Harpagophytum procumbens, unaota kwenye mchanga wa Kalahari huko Namibia, Botswana na Afrika Kusini, na hilo jina limetokana na tunda lake lina kulabu zinazonasa kwenye kwato za wanyama. Wasan, wenyeji wa huko, wameutumia toka enzi kwa homa, tumbo na maumivu. Nikachukua na pakiti ya ile ya kuchemsha, kufungua naona vipande vimekatwakatwa vimekauka, makopa ya muhogo kabisa ila rangi ya udongo. Sasa uonje! Shubiri inasubiri.

Nikamrushia mama picha WhatsApp, yuko Muheza, akanijibu kwa voisi: "Mwanangu, umepanda ndege mpaka Ulaya ukanunue mizizi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nami nilicheka, ila lile boksi nililisoma mara mbili, maana kwa mara ya kwanza nimeshika mizizi yenye namba. Kuna kitu ndani yake kinaitwa hapagosaidi, ndo kinachotajwa sana kwenye habari ya kupunguza uvimbe na maumivu, na kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kinataka mzizi mkavu uwe nacho si chini ya asilimia 1.2. Utafiti wa mgongo ulitumia miligramu 50 mpaka 100 za hapagosaidi kwa siku. Utafiti mmoja wa 2003 uliushindanisha mzizi na Vioxx, dawa ya maumivu ya kiwandani, watu 44 huku na 44 huku kwa wiki 6, wasione tofauti ya maana, japo watu 88 ni wachache mno kusema mechi imekwisha. Vioxx yenyewe mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni kwa sababu ya moyo. Na maabara wanasema hapagosaidi peke yake haielezi kila kitu, mzizi mzima una vitu vingine vinavyosaidiana, hapo mama angesema si niliwaambia.

Kilichonigusa zaidi ni yule dada kabla hajapokea hela. Una vidonda vya tumbo? Mawe kwenye nyongo? Dawa gani nyingine unatumia? Kwa mwenye vidonda hii haifai, na mjamzito haishauriwi. Yaani mzizi umeheshimiwa mpaka ukaogopwa kidogo, na mimi naona hiyo ndo heshima yenyewe, kuliko zile meseji za "inatibu magonjwa 70" tunazoforwadiana kwenye magrupu.

Hata kuchimba kuna kipimo chake. Mzizi mkuu unaachwa, wanatoa vile viazi vya pembeni tu, wanafukia shimo, mvua zikirudi unachipua. Ukiwa na tamaa ukang'oa wote, mwakani huna kitu. Na wanaochimba ni watu maskini kwelikweli, bei ya boksi nililonunua sidhani kama hata sarafu moja ya maana ilirudi mchangani, hilo linanikera lakini nitaliandikia siku nyingine.

Mgongo? Wiki ya pili nikaanza kuinama. Labda dawa, labda zile siku nne za likizo nilizolala chali, siapii.

Mwaka juzi nikiwa likizo Tanga, goti lilikuwa linanisumbua, nikaenda kwa mzee mmoja muuza mizizi sokoni. Mpole, anaijua miti kuliko mimi ninavyojua ndugu zangu. Nikamuuliza nichemshe kiasi gani, akafungua kiganja: kiasi hiki. Nikaangalia kiganja chake, nikaangalia changu. Chake kilikuwa kikubwa mara mbili, na mama ndiye aliyekuja kunichemshia, kwa kiganja chake mwenyewe.