Marehemu anataka cheti cha nini?

Swali hilo niliulizwa dirishani Jumanne iliyopita, nilipokwenda kuomba cheti cha kuzaliwa cha marehemu shangazi yangu, na mama mmoja wa makamo ambaye, sina budi kusema, aliitikia shikamoo yangu vizuri tu. Nilikuwa kwenye benchi tangu saa mbili na nusu asubuhi, namba yangu ikaitwa saa tano kasoro. Ofisi siitaji. Kila mmoja wenu ana ya kwake.

Nikamweleza. Shangazi yangu, mtoto wa kwanza wa Babu, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1958 na akafariki 1996. Nyumbani tumeambiwa miaka yote kuwa Babu alikwenda kumsajili mwenyewe, kwa miguu kutoka Ilala, akiwa na koti lake la kazi. Ninachotafuta ni kile kilichoandikwa siku ile.

"Sasa mwanangu," akasema, "marehemu anataka cheti cha nini? Anaenda shule?"

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Hasira zilinikuta baadaye, nikiwa kwenye daladala nimebanwa kati ya ndoo ya dagaa na kijana anayeongea na simu kwa sauti ya mahubiri.

Maana fomu yenyewe ilikuwa imekwisha kunijibu. Ina sehemu ya sababu ya maombi: shule, ajira, mkopo, pasipoti, mirathi. Mtu anayetaka tu kumjua babu yake hana pa kuweka alama. Nikaandika pembeni kwa kalamu, "historia ya ukoo". Mama yule alisoma, akanitazama kwa huruma, kama vile nimeandika kuwa nimetumwa na malaika.

Nina rafiki anaishi Leicester, Uingereza. Jirani yake ni mzee mstaafu ambaye starehe yake ni kuagiza vyeti vya watu waliokufa. Anakaa kwenye kochi na chai yake, anafungua kompyuta, na baada ya siku kadhaa posta inamletea cheti cha mtu aliyezaliwa 1841. Kule walianza kuandika vizazi Julai 1837, na yeyote anaruhusiwa kuagiza cheti cha yeyote. Hakuna anayemuuliza marehemu anaelekea wapi.

Na Waingereza hao hao ndio waliotutungia sheria ya usajili wa vizazi na vifo hapa Tanganyika, mwaka 1920. Ila walipovuka bahari wakakumbuka kuwa kuna watoto na watoto. Mtoto wa Mzungu au wa Mhindi, kuandikwa ni lazima. Wa Mwafrika, shauri yake. Ndiyo maana Babu mwenyewe hayumo kwenye kitabu chochote cha serikali cha wakati aliozaliwa. Tarehe yake ya kuzaliwa ilitungwa na karani ukubwani: 1 Julai. Wadogo zake wawili nao ni 1 Julai, miaka tofauti. Ingekuwa kweli, mama wa babu yangu alikuwa anazaa kwa ratiba ya bajeti ya serikali.

Sasa fikirieni. Mtu ambaye hakuandikwa, ambaye sheria haikumlazimisha kumwandikisha mwanawe, anaacha kibarua siku nzima, anatembea juani, anapanga foleni ya ofisi ya wakoloni ili jina la binti yake liingie kwenye kitabu. Miaka mitatu kabla ya uhuru. Aliwaza nini? Nani alimshauri? Marehemu Bibi alikuwa akisimulia kuwa Babu alirudi jioni na wino kidoleni, akawa anawaonyesha majirani: ametia saini mwenyewe, siyo dole gumba. Hakunawa mkono ule mpaka wakati wa kula.

Sisi hatuna mwandiko wake. Hatuna barua, hatuna daftari. Tuna picha moja, na humo ndani ameangalia pembeni. Kama saini ile ipo, imo kwenye kitabu ambacho panya na unyevu wanakifikia bila kujaza fomu yoyote.

Najua mtanijibu nini. Wizi. Watu wanachukua vyeti vya marehemu wanafanyia utapeli wa viwanja na pensheni. Haya, nakubali, wapo, na wengine tunakula nao pilau za Idi. Nchi hii iliungua na vyeti feki. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa na kuondolewa kazini. Lakini vile vilikuwa vyeti vya shule. Shangazi yangu hajaomba kazi tangu 1996.

Na kama hofu ni utapeli, dawa ipo na wala si ghali: msinipe cheti. Nipeni nakala ya ukurasa, mgonge muhuri mkubwa mwekundu uliolala katikati, "kwa kumbukumbu ya ukoo tu". Hakuna benki itakayoipokea. Cheti ni cha mtu anayeishi, kinamfungulia milango. Kitabu ni kitu kingine. Kitabu kina aliyetoa taarifa, kina neno lililofutwa likaandikwa upya, kina mwandiko wa karani aliyechoka saa nane mchana. Ukinichapia cheti kipya kwa kompyuta, hivyo vyote vinabaki ndani ya kabati. Mbona nyaraka nyingine za serikali tunazo kwenye ofisi ya Kumbukumbu za Taifa, na sheria ya mwaka 2002 inazifungua baada ya miaka 30? Mtafiti kutoka Ujerumani anakwenda pale Dar anasoma majalada ya maofisa wa Kaiser. Mimi mstari mmoja wa shangazi yangu unanishinda.

Upande wa mama tulifanikiwa, kwa sababu ya misheni. Huko Songea mapadre walikuwa wakiandika ubatizo tangu wakati wa Mjerumani, kwa Kilatini, na paroko wa sasa alinifungulia kitabu bila kuniuliza swali zaidi ya "umekula?" Nikakuta jina la mama mzaa babu, ambalo hakuna aliyekuwa hai aliyelijua. Nikakuta pia jina la msimamizi wa ubatizo, nalo ni la ukoo ule ambao tangu utotoni tunaambiwa "hao hatuoani nao" na hakuna anayejua kwa nini. Mjomba alipopigiwa simu alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

Rafiki yangu wa Kilwa anasema yeye hana shida hizi, ana shajara ya nasaba ya ukoo wao mpaka Hadhramaut, kule Yemen. Hongera zake. Nilipomuuliza majina ya wanawake waliomo, akabadilisha mada.

Nisiwe mchoyo wa sifa: watoto wa siku hizi wanaandikwa. Ile kampeni ya kuwapa vyeti bure walio chini ya miaka mitano, iliyoanzia Mbeya mwaka 2013, ni jambo jema. Mwaka 2010 waliokuwa wamesajiliwa katika umri huo walikuwa kama 16 tu katika kila 100. Mjukuu wangu atapatikana kwa kubonyeza. Vizuri.

Yule mama mwishoni alinihurumia. Akaniambia nirudi na cheti cha kifo cha shangazi, barua ya mtendaji, na hati ya usimamizi wa mirathi. Shangazi aliacha cherehani, khanga za kutosha na deni la sukari kwa Mpemba wa mtaani, ambalo baba alilipa. Hakuna mahakama iliyohusika.

Cheti cha kifo ninacho. Barua nimeahidiwa Ijumaa. Jumatatu narudi, na safari hii kwenye ile sehemu ya sababu nitaweka alama kwenye "mirathi". Kwa jinsi ninavyolielewa neno hilo, sitakuwa nimedanganya.