Nguruwe hatuli, lakini mafua yake yanatufika

Juzi barazani hapa Chake, Pemba, kwenye kahawa ya baada ya alasiri, yalizuka mazungumzo ya hii kazi ya wanasayansi kupita kwenye mabanda ya nguruwe, wanawapangusa pua, wanachukua makamasi, afu wanasoma jeni za virusi vya mafua vilivyomo. Mzee mmoja ninomheshimu sana akasema "sie nguruwe hatuli, hatufugi, hio yatuhusu nini? Pesa hizo si bora zije dawa za presha." Wengi wakamuunga mkono. Mie nilinyamaza pale, ila tokea siku hio sipati utulivu.

Kwanza watu wanachanganya. Ile homa ya nguruwe tunoisikia bara, inoua banda zima, ni ugonjwa mwengine kabisa, ulielezwa mara ya kwanza Kenya 1921 na binaadamu haumshiki. Mafua ya nguruwe ni influenza, ndugu wa mafua yetu sisi, na hayaji kwa kula nyama ilopikwa, yanapita kwa pumzi. Anoambukizwa mwanzo ni yule anomhudumia nguruwe bandani, na virusi vikishajua kutoka mtu kwa mtu basi nguruwe hahitajiki tena, vinapanda boti Dar asubuhi, mchana vishashuka bandari ya Malindi, Unguja, na haviulizi nani anakula nini.

Sasa kwanini nguruwe? Kirusi cha influenza jeni zake zimo kwenye vipande 8 vilivyoachana, na nguruwe anashikwa na mafua ya ndege na ya watu pia, kwahio virusi viwili vikikutana ndani ya seli moja vinabadilishana vipande na kinatoka kitu kipya, kama bakuli la urojo kila mtu katia chake. 2009 ndo yalotokea. Kile kirusi cha H1N1 kiloonekana Mexico na California walipokisoma wakakuta vipande 6 vimetoka kwenye virusi vya nguruwe wa Marekani ya Kaskazini, na 2 kwenye virusi vya nguruwe wa Ulaya na Asia. WHO wakatangaza janga tarehe 11 Juni, na makadirio ya vifo vya mwaka wa mwanzo duniani ni kati ya 151,700 na 575,400, wengi wao watu wa chini ya miaka 65. Kinoniuma mie ni hiki: wanasayansi waliporudi nyuma kwenye jeni waliona mababu wa kirusi kile walikuwa wakizunguka kwenye nguruwe myaka mingi na hakuna aliowapima.

Lakini wenye wasiwasi nao wana haki yao. Misri mwaka huohuo wa 2009 serikali iliamuru nguruwe wote wauliwe, kama 300,000 hivi, na ugonjwa wenyewe ulikuwa unaenezwa na watu, maskini Zabbaleen wa Cairo wanaokusanya taka na kulishia nguruwe wakapoteza riziki na taka zikarundikana mitaani. Mfugaji alosikia hayo akimuona daktari na pamba mkononi atafungua banda kweli? Indonesia nao 2007 waligoma kutoa sampuli za mafua ya ndege, manake chanjo ingetengenezwa kutokana na sampuli zao afu wauziwe kwa bei wasoiweza, na makubaliano ya kugawana faida yamekuja 2011, baada ya ugomvi mrefu. Tena kusoma jeni hakukwambii kirusi kitaruka lini.

Na mara nyingi sie ndo tunowaambukiza nguruwe! Mei 2009 banda la mwanzo kukutwa na H1N1 mpya lilikuwa Alberta, Kanada, baadae ikapatikana mpaka kwa nguruwe wa Kameruni. Kwahio nguruwe akipimwa hata mafua yetu sisi yanaonekana.

Mie nnavyoona, Zanzibar haina haja ya kukimbizana na nguruwe, wetu ni wale wa porini wanoharibu mihogo. Kazi ya mabandani ifanywe bara wanakofuga, huku kwetu wapimwe watu wanolazwa na mafua makali, maabara ya afya ya jamii Wawi tunayo tangu 2000, jeni zilinganishwe na za huko. Za bara zikikosekana huku utalinganisha na nini? Dawa za presha za mzee wangu zisiguswe, hapo nakubaliana nae kabisa, pesa za kazi hii zitafutwe kwengine. Na mfugaji wa huko bara, tuseme wa Mbeya, aandikiwe kwanza, kabla hajapanguswa nguruwe wake hata mmoja, kwamba wakiuliwa atalipwa, na kiasi gani, na lini.