Mbung'o wa Unguja na tasnifu zinazochekwa

Kila msimu wa mahafali, orodha za tasnifu za uzamivu huzunguka kwenye simu za watu na mjadala huwa ule ule. Mmoja amemaliza miaka akichunguza toni za vitenzi katika lugha ya Kibantu yenye wasemaji wachache. Mwingine amehesabu konokono wa mtoni. Wa tatu amechambua kesi za ardhi za enzi ya mkoloni, wa nne amepima jinsi zege inavyokauka karibu na bahari. Hakuna kinachowaunganisha watu hawa isipokuwa joho. Swali linalofuata huulizwa kwa uchungu, na wanaouliza wana haki ya kuuliza: katika nchi ambayo zahanati inaishiwa dawa, haya yote yanamsaidia nani?

Serikali nazo zimekuwa zikilijibu. Mwaka 1980, katika Mpango wa Lagos, viongozi wa Afrika walikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na nchi nyingi bado hazijafika hapo. Kenya iliandika asilimia 2 kwenye sheria yake ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya mwaka 2013, na fungu hilo halijawahi kutolewa lote. Uganda imekwenda mbali zaidi kwa upande wa kuchagua: mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, wenzao wa masomo ya sanaa wakaachwa palepale, wakagoma. Rais Museveni amesema hadharani, na zaidi ya mara moja, kwamba baadhi ya kozi za sanaa hazina faida kwa taifa.

Hoja ya wanaotaka vipaumbele ina nguvu, tena zaidi ya tunavyokubali sisi tunaopenda vyuo. Fedha kidogo zikigawanywa kwa miradi mia, kila mradi unapata nauli, posho na karatasi, na hakuna hata mmoja unaopata maabara. Ziko tafiti zinazoandikwa ili mhadhiri apande cheo, zikishapandisha zinalala kabatini. Na pale serikali isipochagua, mfadhili wa nje huchagua kwa niaba yake, maana mwenye fedha ndiye mwenye swali. Mtu akisema heri tuchague wenyewe kilimo, afya na nishati, tuziwekee fedha za kutosha, hasemi upuuzi.

Ila hoja hiyo inasimama juu ya dhana moja ambayo historia ya utafiti haiiungi mkono: kwamba tunaweza kujua mapema utafiti upi utazaa. Mfano ninaourudia kila mara mjadala huu unapoanza uko karibu nasi. Ni wa mbung'o wa Unguja.

Mwaka 1927, katika Chuo Kikuu cha Texas, Hermann Muller alionyesha kwamba miale ya eksirei hubadili urithi wa inzi wadogo wanaozengea matunda yaliyoiva. Alitaka kujua urithi, yaani sifa za wazazi kupita kwa watoto, unavyofanya kazi. Hakuna mfugaji aliyemtuma, na kama ombi lake la fedha lingepita mbele ya kamati yetu ya vipaumbele, sijui nani angelitetea. Miaka ya 1930, katika jimbo hilohilo, mtaalamu wa wadudu Edward Knipling alikuwa akimtazama inzi mwingine kabisa, yule anayetaga mayai kwenye vidonda vya ng'ombe na funza wake wakala nyama hai. Akaona kwamba jike wa inzi huyu hupandwa mara moja tu maishani. Knipling akawaza: je, tukiachia madume tasa kwa wingi kuliko madume wa porini, si majike wengi watapandwa bure na kizazi kikatike? Wazo likakaa miaka mingi bila njia ya kulitekeleza, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuwatasisha madume bila kuwaua. Njia ilikuwa kwenye kazi ya Muller: mionzi. Mwaka 1950 Knipling alisoma makala ya Muller kuhusu madhara ya mionzi, akamwandikia, akajibiwa kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1954 madume tasa yaliachiwa katika kisiwa cha Curaçao, na ndani ya miezi michache inzi yule akatoweka kisiwani.

Sasa njoo Unguja. Kwa miaka mingi nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa ukiwakondesha na kuwaua ng'ombe wa kisiwa hicho. Mbung'o si kama inzi wengine. Jike hatagi mayai. Analea buu mmoja tumboni kwa siku kama tisa au kumi, akimnyonyesha kwa tezi zake, na anapomzaa buu huyo anakaribia uzito wa mama yake. Anajichimbia udongoni, jike anaanza upya. Kiumbe anayezaa mmoja mmoja kwa mwendo huo hupungua haraka akiguswa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Nani alijua hayo? Watu waliokaa miongo wakipasua mbung'o chini ya darubini, wengi wao bila kuwa na dawa wala mtego wa kuahidi mtu yeyote.

Huko Tanga, katika kituo cha utafiti wa mbung'o na malale, wadudu hawa walifugwa kwa maelfu kwa maelfu. Walinyweshwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba unaoigiza ngozi, madume wakapigwa mionzi ya gamma, wakavushwa bahari. Kisiwani kazi ilikuwa imeshaanza: ng'ombe walipakwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye sumu vikatundikwa porini ili kuwapunguza mbung'o kwanza. Kuanzia 1994 ndege ndogo zikawa zinamwaga madume tasa juu ya Unguja, na hadi mwisho wa 1997 walikuwa wamefika zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Baada ya hapo wafugaji wangeweza kuleta ng'ombe chotara wa maziwa, ambao zamani nagana ilikuwa inawamaliza.

Hesabu fani zilizoingia hapo: urithi, fizikia ya mionzi, elimu ya wadudu, tiba ya mifugo, urushaji wa ndege. Hakuna aliyezipanga pamoja tangu mwanzo. Kati ya inzi wa Muller na mbung'o wa mwisho wa Unguja imepita karibu miaka 70. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano usingeweza kuona umbali huo, hata ungeandikwa na watu wenye akili na nia njema kiasi gani. Ndiyo maana nikimsikia mtu anacheka tasnifu ya konokono wa mtoni nasikia uzito moyoni. Konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na Unguja na Pemba wanajua kichocho ni nini.

Wapo watakaonijibu kwamba mfano wangu unawasaidia wao. Knipling alikuwa mtumishi wa wizara ya kilimo ya Marekani mwenye kazi maalumu: kuwaokoa ng'ombe. Mradi wa Unguja nao ulikuwa na lengo moja lililo wazi. Ni kweli. Bila lengo, kazi ya Muller ingebaki kwenye majarida. Nakubali pia kwamba Unguja ni kisiwa, na bara ambako mbung'o huingia upya kutoka pori la jirani, njia hii imekuwa ngumu na ghali. Tena kuna pingamizi zito zaidi: sisi watetezi husimulia washindi tu. Kwa kila Muller wako watafiti wengi ambao kazi zao hazikugusa ng'ombe wala mtu.

Pingamizi hilo siwezi kulikwepa. Tafiti nyingi hazizai, na hiyo ndiyo gharama yenyewe. Lakini hakuna nchi iliyogundua namna ya kulipia zile zitakazozaa peke yake. Kinachowezekana ni kuwa wakali kwa mbinu badala ya kuwa wakali kwa mada: je, swali limeulizwa vizuri, ushahidi unatosha, mtafiti mwingine akirudia atapata jibu lile lile? Tasnifu mbovu ya kilimo ni hasara kuliko tasnifu nzuri ya toni.

Upande wa sanaa nako hukumu hutolewa haraka mno. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi mwaka 2014, wataalamu wa virusi walijua kwamba maiti inaambukiza na inapaswa kuzikwa upesi na watu waliovaa mavazi ya kinga. Jambo ambalo elimu ya virusi haikuwa nalo ni namna ya kumwambia mtu kwamba hataosha maiti ya mama yake. Familia zikaficha wagonjwa, zikazika usiku. Septemba mwaka huo, katika kijiji cha Womey nchini Guinea, watu wanane wa timu ya kuelimisha kuhusu Ebola waliuawa. Wanaanthropolojia walikuwa miongoni mwa walioitwa kusaidia kupanga upya mazishi, ili ndugu washuhudie, dua isomwe, na kaburi lijulikane lilipo. Maarifa yao yalitokana na miaka ya kukaa vijijini wakiandika habari za matanga na ukoo, aina ya tasnifu ambayo ikisomwa kwenye mahafali watu hutazamana.

Na kuna tafiti ambazo hazitazaa senti, nami nazitetea hivyo hivyo. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari alipoona, mwaka 1963, kwamba maziwa ya moto aliyoyaweka kwenye friji ili kutengeneza aiskrimu yaliganda kabla ya yaliyopoa. Walimu na wenzake walimcheka. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, hakumcheka; alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na kwa nini. Halijajenga kiwanda. Limewafanya watafiti wa mabara yote warudie jaribio la kijana wa Kitanzania, na kwangu hilo linatosha kulipia barafu yake.

Ninachopendekeza si kufuta vipaumbele. Sehemu kubwa ya fungu iende kwenye kilimo, afya na nishati, na isimamiwe vizuri kuliko sasa. Lakini sehemu ndogo, hata sehemu moja ya kumi, ilindwe kisheria kwa maswali yanayopimwa kwa ubora wake tu, bila mwombaji kulazimishwa kujaza ukurasa wa "manufaa kwa taifa" ambao sote tunajua namna unavyojazwa. Kamati inayoigawa ichanganye fani zisizojuana: mtu wa wadudu ajieleze mbele ya mwanahistoria, mwanaisimu mbele ya mhandisi, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Anayeshindwa kueleza swali lake kwa mtu wa fani nyingine arudi akalifanyie kazi, na msimu ujao aombe tena.